Ukaidi wa Chuma, Ukaidi wa Mtu

Wahenga walikuwa wakali kwa mkaidi. Walimwambia kuwa hafaidi mpaka siku ya Idi, wakamwonya kuwa asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Katika maonyo hayo hakuna hata moja linalomuuliza mkaidi kwa nini amekataa. Hukumu hutolewa kabla ya shahidi kuitwa: aliyekataa ana kosa, na aliyeamuru ana haki. Hata hivyo neno lenyewe lina jambo la kustaajabisha. Ni nadra mtu kujiita mkaidi. Ukaidi aghalabu ni jina ambalo mtu humpa mwingine, na humpa pale ambapo nguvu zake zimekwisha au zinakaribia kwisha. Basi ni halali kuuliza: ukaidi hukaa wapi? Ndani ya kile kinachokataa, au katika mkono unaolazimisha?

Swali hili likiulizwa barazani, majibu huja upesi, kwa kuwa binadamu ana siri nyingi na kila mtu aweza kudai kuwa ameijua nia ya mwenzake. Yafaa basi lianzie mahali ambapo hakuna nia ya kusingizia, yaani kwenye chuma. Na chuma kinachokataa hakikosekani katika gereji za Kahama, Katoro na Geita, ambako magari ya machimboni huletwa yakiwa yamekatika shafti za ekseli ya mbele.

Ukanda huo wa dhahabu, kutoka Shinyanga kuelekea Ziwa Viktoria, ni nchi ya magari mazito. Geita mgodi wa kikoloni ulifungwa mwaka 1966, na mgodi mkubwa wa sasa ukaanza mwaka 2000. Bulyanhulu ukafuata mwaka 2001. Buzwagi, karibu na mji wa Kahama, ulifunguliwa mwaka 2009 na kuacha kuchimba mwaka 2021. Migodi hiyo ina barabara zake na karakana zake. Wachimbaji wadogo hawana. Mawe yao hutoka kwenye maduara, ndivyo waitavyo mashimo yao, yakapelekwa kwenye makarasha yasagwe, kisha kwenye mialo yaoshwe. Baina ya duara na karasha mara nyingi kuna mbuga, udongo ule mweusi ambao kiangazi hupasuka kama kisigino kikavu na wakati wa mvua hugeuka ulimbo. Mvua za huko huanza kiasi cha Novemba na kuendelea hadi Aprili au Mei. Katika miezi hiyo, gari lisilovuta kwa magurudumu yote manne halifiki popote. Ndiyo sababu pikapu ya Toyota Land Cruiser, ya ule mfululizo wa 70 ulioanza kuundwa mwaka 1984, huheshimiwa huko kama jahazi zima linavyoheshimiwa pwani.

Mbele ya gari hilo kuna bomba zito la chuma lililolala kutoka gurudumu hadi gurudumu. Ndani yake mna difu igawayo nguvu, na kutoka kwenye difu hutoka shafti mbili, moja kulia na moja kushoto. Gurudumu la mbele limepewa kazi mbili zisizopatana kwa urahisi: livute, na papo hapo likate kona. Kwa hiyo mwisho wa kila shafti kuna jointi yenye gololi sita, ya aina iliyobuniwa na Alfred Rzeppa katika miaka ya 1920, inayoruhusu nguvu kupita hata gurudumu likiwa limepinda. Jointi hiyo ni hodari, lakini ina saa yake ya unyonge: gurudumu limezama, usukani umekatwa mpaka mwisho, na dereva amekanyaga mafuta kwa hasira. Hapo husikika mlio mmoja mkavu, na gari halivuti tena.

Msomaji na aifikirie gereji moja chini ya mwembe, pembezoni mwa Katoro, mchana wa mvua. Gari limeinuliwa kwa jeki na kuegemezwa juu ya magogo. Kuna fundi mtu mzima, kuna kijana anayejifunza kazi, kuna dereva aliyechuchumaa kando akinywa chai, na kuna mwenye gari, ambaye viroba vyake vya mawe vinangoja na zamu yake ya karasha inapita. Gurudumu limekwisha tolewa, breki imewekwa pembeni, na pete ndogo inayoizuia ncha ya shafti imeondolewa. Kijana amefungua nati sita zinazokishika kifuniko kizito cha habu. Kwa hesabu yake kazi imekwisha, kwa maana kisicho na nati hakina kizuizi. Anakivuta kifuniko, hakitoki. Anakipenyezea bisibisi, inapinda. Anachukua nyundo kubwa.

"Acha, mwanangu," fundi anasema. "Umefungua nati ngapi?"

"Zote sita, mzee."

"Na washa zake?"

Kijana anatazama asione washa yoyote. Anaona tope lililokauka, na bolti sita zilizosimama tupu.

"Fundi, kitu hiki kikaidi sana," mwenye gari anaongeza. "Kipige tu."

"Bosi, hiki kimeshikwa. Bado hatujakiona kinachokishika."

Fundi anachovya kitambaa katika dizeli na kuifuta bolti moja. Kuizunguka panatokeza duara jembamba mno, lenye ufa mmoja kama unywele. Hiyo ni washa yenye umbo la koni, imezama ndani ya tundu lililochongwa kwa mteremko kama wake. Imewekwa ili kuziba kila nafasi baina ya bolti na kifuniko, kifuniko kisicheze wakati gari linavuta mbele na kurudi nyuma. Nati inapokazwa, koni huzama na kushika zaidi. Nati inapoondolewa, koni hubaki palepale, kwa kuwa haikushikwa na nati peke yake: imeshikwa na kule kulingana kwake na tundu lake. Mtu aweza kukivuta kifuniko kwa nguvu za watu wanne, na asifanye ila kukipinda.

Dawa yake ni ndogo. Fundi anasimamisha kipande cha shaba juu ya ncha ya bolti na kukigonga kwa nyundo, pigo fupi. Koni yenyewe haiguswi. Mtikisiko unapita ndani ya bolti, koni inaachia, inachomoza kama jino la maziwa. Anafanya hivyo mara sita. Kifuniko kinatoka kwa vidole viwili.

Katika dakika hizo chache limetokea jambo linalostahili kutafakariwa. Kile alichokiita mwenye gari ukaidi kilikuwa utumishi. Koni ilikuwa ikifanya kazi iliyoundiwa, na ilikataa kwa sababu ilikuwa nzuri katika kazi hiyo. Kosa halikuwa ndani ya chuma. Lilikuwa katika hesabu ya kijana, aliyehesabu alivyoviona akasahau visivyoonekana. Na kama ndivyo, basi ukaidi, walau wa chuma, ni jina tunalolipa jambo letu wenyewe, nalo ni kutokujua kwetu kinachokishika kitu tunachotaka kukiondoa.

Mwanafalsafa wa kale wa Uchina, Zhuangzi, alisimulia habari za mpishi aliyechinja ng'ombe kwa kisu kimoja kwa miaka 19 bila kukinoa, kwa sababu alipitisha makali palipokuwa na nafasi, wala hakuukata mfupa. Kisa hicho hupendwa sana, na aghalabu husimuliwa kama sifa ya wepesi. Husahauliwa kuwa mpishi huyo alisema pia kwamba kila afikapo penye fundo gumu huogopa, hupunguza mwendo, na kukaza macho. Ustadi haukumwondolea woga, ila ulimwonyesha mahali pa kuogopa.

Fundo gumu la gereji hii lilikuwa bado. Nyuma ya habu, baada ya beringi kutolewa, ipo spindeli: mkono mfupi wa chuma, ulio wazi katikati, ambao shafti hupita ndani yake na gurudumu huzunguka juu yake. Imefungwa kwa bolti nane. Bolti saba zilifunguka. Ya nane ilikuwa imeliwa na kutu hata ikakataa kugeuka. Na hata baada ya hiyo, spindeli yenyewe ilikuwa imegandamana na chuma kinachoibeba, kwa sababu ya misimu mingi ya maji na tope. Shafti iliyokatika ilikuwa nyuma yake, na haikuwezekana kuifikia.

"Choma kwa gesi," mwenye gari alisema. "Ng'ambo ya barabara wana mtungi. Wataitoa kwa nusu saa."

Alisema kweli. Moto wa gesi huvunja kutu upesi, na nyundo kubwa ikipigwa juu ya chuma chekundu humaliza yaliyobaki. Lakini spindeli iliyochomwa hivyo hupoteza ugumu wake, na iliyopigwa usoni huharibika meno ambayo nati za beringi hushikilia. Gari litaondoka vizuri na fedha zitalipwa. Miezi kadhaa baadaye, mbali na gereji, beringi italegea, gurudumu litaanza kucheza, na hakuna atakayekumbuka nusu saa iliyookolewa Katoro. Hii ndiyo sifa mbaya kuliko zote ya nguvu isiyo na elimu: gharama yake hailipwi siku ile, wala hailipwi na aliyeitumia.

"Nikichoma, bosi, wewe utawahi karasha," fundi alisema. "Huyu dereva ndiye atakayebaki na gurudumu."

Dereva hakunena neno. Haikuwa desturi kumuuliza.

Fundi hakuwa tajiri wa kuweza kuchagua wateja. Aliyafahamu mambo mawili: kwamba mwenye gari angeweza kuvuka barabara, na kwamba kazi ya uaminifu iliyo ndani ya chuma haionekani na mtu. Gari lililotengenezwa vizuri na gari lililotengenezwa vibaya hutoka gerejini kwa mlio ule ule. Basi kilichomzuia hakikuwa macho ya mteja, wala sifa. Ni kwamba alikwisha mwona dereva. Maadili mengi huanzia hapo, kabla ya kanuni yoyote: katika kumwona mtu ambaye pigo litamfikia, hata kama hana sauti katika mazungumzo.

Ile bolti ya nane aliikata. Haifai kulificha jambo hilo, kwa kuwa wapo wanaopenda kugeuza subira kuwa dini na kuuona kila msumeno kuwa dhambi. Alipapasa kwanza, akapaka dizeli, akangoja, akajaribu spana mara tatu, kisha akaikata. Lakini itazamwe namna alivyoikata. Alijua ni nini anachokikata na kinashika nini. Katika kopo lake alikuwa na bolti nyingine ya kuirithi. Na hasara yake, kama ingekuwapo, ingekuwa juu yake mwenyewe, kwa sababu ndiye angeifidia. Masharti hayo matatu, yaani ujuzi, badala, na dhamana, ndiyo yanayotenganisha nguvu halali na fujo.

Spindeli nayo aliilowesha kwa dizeli ikalala usiku kucha. Alfajiri aliigonga kwa nyundo ya shaba, kidogo kidogo, akiizunguka pande zote bila kung'ang'ania upande mmoja. Saa ya kwanza haikujibu. Saa ya pili ulionekana mstari mwembamba kama ukucha. Kufikia saa tatu asubuhi ilikuwa mikononi. Zamu ya karasha ilikuwa imepita, na mwenye gari, kwa uchungu wa hasara yake, akapunguza malipo waliyokubaliana. Yeye pia alikuwa na lake lililomshika: mkopo wa dizeli, na vijana wa duara waliokuwa wakingoja mgawo. Huenda nasi, tunaomhukumu kwa wepesi, tumemwita mkaidi kabla ya kuzitafuta koni zake.

Nchi ile ile yenye gereji hizi imewahi kuliona swali hili kwa kipimo kikubwa zaidi. Mwezi Agosti mwaka 1996 wachimbaji wadogo waliondolewa Bulyanhulu ili kuipisha kampuni iliyokuwa na leseni. Walioondolewa walikuwa wakiitwa wavamizi. Madai kwamba baadhi yao walifukiwa mashimoni yalikanushwa na serikali na kampuni. Ofisi ya malalamiko ya Benki ya Dunia, iliyoletewa jambo hilo mwaka 2002, haikuyathibitisha. Na waliodai hawakuacha kudai. Insha haina uwezo wa kukata shauri hilo. Ina uwezo wa kuuliza maswali ya fundi. Je, aliyeamuru alijua ni nini kilichowashika watu wale kwenye maduara yao: madeni, matimba waliyokwisha yanunua, makaburi, watoto walioanza shule? Je, palikuwa na cha kuwekwa badala ya kilichokatwa? Na gharama ya pigo ilimwangukia nani? Swali la nani mwenye leseni lina jibu ndani ya sheria. Maswali haya matatu hayana jibu ndani ya leseni.

Upo pia mfano wa upande wa pili. Kwa miaka mingi wachimbaji wadogo walilaumiwa kwa kuuza dhahabu kwa njia za panya. Waliitwa wakaidi, wasiopenda nchi yao. Mwezi Januari mwaka 2019 waliitwa Dar es Salaam wakaulizwa ni nini kinachowazuia. Walitaja mambo yaliyoshikika: kodi walizoona haziwezekani, na ukosefu wa soko la halali lililo karibu. Mwezi uliofuata sheria ikabadilishwa, wakaondolewa kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 18 na kodi ya zuio ya asilimia 5, na mwezi Machi soko la madini likafunguliwa Geita. Dhahabu iliyokuwa haionekani ikaanza kuonekana katika hesabu. Magendo hayakwisha duniani, kwa kuwa wapo wezi wa kweli kama ilivyopo kutu ya kweli. Lakini sehemu kubwa ya ukaidi ule ilikuwa koni: haikutaka nyundo kubwa, ilitaka mtu wa kufuta tope na kutazama.

Hapa lazima mfano usimamishwe, kwa sababu ukiendelea utapotoka. Mtu atakayetoka gerejini akidhani kuwa binadamu ni habu yenye koni, na kwamba hekima ni kujua pa kugonga ili ateleze kwa vidole viwili, amejifunza hila, hakujifunza haki. Watawala wapole waweza kuwa wabaya kama watawala wakali, wakiwa wamejua tu kulegeza watu bila kelele. Chuma hakina haki ya kukataa. Fundi haombi idhini ya spindeli; shafti imekatika, na gari ni la kutengenezwa. Binadamu ana haki hiyo. Kukataa kwake kwaweza kutokana na jambo linalomshika, na likiondolewa akakubali kwa moyo mkunjufu. Kwaweza pia kutokana na ukweli kwamba anachoombwa si haki, na hapo jibu sahihi ni mwenye kuomba kuondoka, si kutafuta mbinu nyingine.

Hata hivyo njia ya kuzijua hali hizo mbili ni moja, na ndiyo aliyoifuata fundi: kusimamisha mkono kwanza na kutazama. Anayepiga kabla ya kutazama hatajua kamwe kama alikuwa akipambana na kutu, au na uaminifu, au na haki. Vyote vitatu, chini ya nyundo, hutoa sauti moja.

Shafti mpya iliingizwa mchana. Kazi hiyo nayo ina adabu yake. Shafti hubebwa kwa mikono miwili isilalie sili iliyo ndani ya bomba, kwani ikiikwaruza, mafuta ya difu yatavuja na kuichuja grisi ya jointi, na safari ya kurudi gerejini itakuwa imeanza siku hiyo hiyo. Inapofika kwenye difu haisukumwi. Huzungushwa taratibu, huku na huku, mpaka meno yake yakutane na meno yanayoingoja, kisha huingia yenyewe kiasi cha upana wa kidole.

Wakati huo kijana alikuwa amechuchumaa mbele ya kopo la dizeli akiziosha zile koni sita. Aliziosha moja moja, akazipanga juu ya gunia, akazihesabu mara mbili. Alikuwa amefahamu sasa jambo ambalo jana nyundo ingelimnyima: kwamba zitarudishwa. Hakuna kifuniko kitakachokaa, wala gari litakalotoka kwenye mbuga, bila kile kile kilichokataa kufunguka. Alizirudisha kwenye matundu yake, akakaza nati, na dereva akapanda.